Funda Moja la Maji ya Miwa

Kadzo Ngala aliingia mbio, kamba ya kiatu kimoja ikiburura sakafuni, akipiga kelele neno moja tu: "Sukari!"

Profesa Wakesho Mghalu alikuwa mbele ya skrini yake na kikombe cha chai ya rangi. Alidhani binti wa watu anatafuta sukari ya kutia kwenye chai, akamsogezea kopo bila hata kugeuka. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Katika Kituo cha Anga cha Kasigau hakuna mtu aliyekuwa amelala vizuri tangu juzi, na mtu ambaye hajalala huweza kuomba chochote.

"Siyo hiyo, Prof! Sukari ya kule! Ya Enselado!"

Hapo Wakesho akageuka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, arobaini kati ya hiyo ameitumia kutuma vyombo kwenye sayari za watu wasiokuwepo, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Alituma Mirihi, akatuma Zuhura, akatuma kwenye vimondo vidogo ambavyo havina hata jina. Sasa alikuwa na hiki cha mwisho, Kisima-3, kilichotua miezi mitano iliyopita juu ya Enselado, mwezi mdogo mweupe unaoizunguka sayari Zohali. Enselado yote ni barafu juu na bahari chini. Kisima-3 kilikuwa kinashuka ndani ya barafu hiyo kwa moto wake wenyewe, kama kisu kilichopashwa moto kinavyoshuka kwenye samli. Leo mchana kilitarajiwa kutoboa na kuingia baharini.

"Pumua kwanza, Kadzo. Sema polepole."

Kadzo ndiye aliyekuwa mkemia wa safari ile. Kila tone la maji lililoyeyuka kwenye pua ya chombo lilipimwa na mashine aliyoiunda kwa miaka saba, akakosa arusi za wadogo zake wawili kwa ajili yake. Aliweka kompyuta yake mezani.

"Zile chembe za juzi tulizobishania. Si vumbi, Prof. Ni seli. Jana zilikuwa mia nne kwa tone. Asubuhi hii ni elfu sita. Zinazaana! Ziko hai, Prof, ziko hai!" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akamkumbatia mwanamke mzima mpaka chai ikamwagika. "Tumewapata! Sisi! Hapa Kasigau!"

Wakesho alicheka pia. Kwa muda wa kama pumzi tatu alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani, na tusimnyime hizo pumzi tatu, maana hakupata nyingine siku ile.

"Na sukari je?" akauliza.

"Ndiyo kioja chenyewe. Seli zinakula sukari, na sukari yenyewe si ya ajabuajabu. Nimeipima mara nne. Ni sukari ya miwa, Prof! Kule ambako hakuna hata jani! Hebu niambie, imetoka wapi?"

Wakesho alijua imetoka wapi. Akakaa chini taratibu. Kadzo akadhani mama wa watu amezidiwa na furaha, akakimbia kumletea maji.

* * *

Miaka tisa nyuma, asubuhi ya kufunga Kisima-3 kabla ya kurushwa, Wakesho aliachwa peke yake na chombo kwa dakika tano. Hiyo ilikuwa desturi ya kituo, wenyewe wakiiita dakika za kuaga. Mwanasayansi mkuu huingia chumba safi akiwa amevaa ovaroli nyeupe, glavu mbili mbili na barakoa, kamera huzimwa kwa heshima, naye hukaa na chombo chake kabla kifuniko hakijafungwa. Wengine huomba. Kuna mmoja aliyewahi kuimba.

Kabla ya hapo chombo kilikuwa kimepimwa usafi siku arobaini mfululizo. Mafundi walikifuta kwa pamba, pamba zikapelekwa maabara, kama kuna kijidudu kimoja kilichobaki kazi inaanza upya. Kanuni hizo aliziandika Wakesho mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vingi duniani walizikariri: usipeleke uhai wako kwenye dunia isiyo yako, kwa sababu huwezi kwenda kuufuata na kuurudisha. Na hati ya usafi ya Kisima-3 ilikuwa tayari ina sahihi yake.

Lakini Kisima-1 kilikufa siku ya pili baada ya kurushwa. Kisima-2 kikaipita Zohali bila kusimama, kikapotea gizani na jasho la miaka kumi la watu mia mbili. Na mama yake Wakesho, bibi wa miaka themanini na tisa huko Mgange, alimwambia jambo moja kila alipopiga simu.

"Wewe mtoto unatuma vitu ukiwa na kinyongo. Vitafikaje? Kitasie hicho."

Kwa Wataita, kutasa ni jambo la watu wazima. Unachukua funda la pombe, au la maji matupu, au la maji ya miwa, unalinyunyiza kwa mdomo, na huku unasema maneno ya kheri. Lakini kwanza unatoa kinyongo. Unakisema waziwazi, na uliye na kinyongo naye unamtaja, asikie. Usipofanya hivyo, unakuwa umetema mate tu.

Wakesho alikuwa na kinyongo, tena kikubwa. Kilikuwa cha Mcharo Mwandawiro, mkuu wa safari, aliyekataa kubadilisha vali ya mafuta ya Kisima-2. Wakesho aliandika barua tatu kumwonya. Chombo kilipopotea, ripoti ikasema kosa ni la mwanasayansi mkuu, na Mcharo akakaa kimya. Kimya hicho Wakesho alikula nacho na kulala nacho.

Basi siku ile ya dakika za kuaga, alikuwa na kichupa cha dawa ya kikohozi ndani ya ovaroli. Maji ya miwa, ya kukamuliwa na mama yake mwenyewe. Alishusha barakoa, akatia funda kinywani, akalinyunyiza pale penye mshono, chini ya hita. "Nenda salama," akasema. "Ufike, ukae, uone, utuambie." Jina la Mcharo hakulitaja, kwa sababu Mcharo alikuwa nyuma ya kioo, hatua nne kutoka pale, amempa mgongo kwa heshima ya desturi, na yeye hakuwa tayari kumsamehe. Akafuta kwa kitambaa. Akatoka. Jambo zima halikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Alijua ni kosa. Mtu aliyeandika kanuni hawezi kusema hakujua. Alijiambia baridi ya anga itaua kila kitu, na kwa miaka tisa alijiambia hivyo hivyo. Alichosahau, au alichokataa kukumbuka, ni kwamba pale penye mshono hapakuwa na baridi. Hita ya Kisima-3 haikuzimwa hata siku moja. Mate yake na sukari ya mama yake vilisafiri miaka tisa vikiwa vimekumbatiwa na joto, mithili ya maziwa yanayoachwa jikoni yagande.

* * *

Chumba cha kuongozea vyombo kilikuwa na watu kumi na wawili, na wote walikuwa wanapiga makofi Wakesho alipoingia. Mcharo alisimama katikati, mzee mrefu wa miaka sabini na moja, miwani imesukumwa mpaka kwenye kipara.

"Hongera, Wakesho," akasema. "Umewapata majirani."

"Mcharo, tuzime hita."

Makofi yakafifia. Mcharo akashusha miwani.

"Unasemaje?"

"Tuzime. Kisiingie baharini leo. Kwanza tuthibitishe haya matokeo."

"Wakesho, wewe unajua kuliko mimi. Tukizima, barafu inakikaba hapo hapo kilipo, basi. Hakiwashiki tena. Unataka kukizika?" Alitazama saa ya ukutani. "Kitatoboa saa sita na robo. Amri inachukua saa nzima na dakika ishirini kufika kule. Nikitaka kuzima, niwe nimetuma kabla ya saa nne na dakika hamsini na tano. Na amri hiyo ni ya namba mbili za siri, yako na yangu. Nipe sababu, nami nitaingiza yangu."

Sababu ilikuwa kinywani, ikagoma kutoka. Jamani, msimcheke. Alimwona Kadzo mlangoni, macho yanang'aa. Aliiona shule ya wasichana kule Wundanyi yenye jina lake getini. Alisikia jinsi dunia itakavyocheka: mwanasayansi mzima, kanuni kaandika yeye, kaenda kutemea chombo mate. Watasema ni ushirikina wa Wataita. Watamtaja mama yake, marehemu, kwa midomo yao michafu.

"Hita," akasema. "Nadhani hita ina hitilafu. Joto linapanda."

Uongo. Lakini Mcharo, kwa sababu ni yeye aliyesema, aliuchukua kwa uzito. Akaita mafundi, wakafungua namba za siku tano, wakapima mstari kwa mstari. Dakika thelathini na tano zikapita. Hita ilikuwa nzima kama siku ya kwanza.

"Basi mashine ya Kadzo," Wakesho akasema. "Huenda inasoma vibaya."

Kadzo aligeuka kana kwamba amepigwa kofi. "Mashine yangu, Prof? Ulinisimamia mwenyewe!" Akaenda kuijaribu upya, midomo imemkauka kwa uchungu. Dakika nyingine ishirini. Mashine haikuwa na kasoro. Na sasa seli zilikuwa elfu tisa kwa tone.

Elfu tisa! Wakesho alitoka mbio kwenda chooni. Alijitazama kwenye kioo, akafungua kinywa chake, akakichungulia kama mtu anayechungulia shimo la nyoka. Meno yale yale. Ulimi ule ule. Akasukutua mara tatu, akatema, akasukutua tena, kana kwamba inawezekana kusafisha leo kilichotoka miaka tisa iliyopita.

Kule chini, alifikiri, kuna bahari ambayo haijawahi kuguswa. Huenda haina kitu. Huenda ina kitu, kidogo, kipole, kisichojua kujitetea. Na juu ya dari yake, mimi ninashuka.

Alirudi. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini.

"Mcharo," akasema, na safari hii hakutafuta kisingizio. "Nilikitasa."

Wengine hawakuelewa. Mcharo alielewa. Alizaliwa Mbale, akaona wazee wakitasa tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

"Ulitasa nini?"

"Kisima-3. Wakati wa dakika za kuaga. Kwa maji ya miwa. Sukari ile ni ya mama yangu, na zile seli zimetoka kinywani mwangu. Hakuna majirani. Ni mimi."

Kadzo akashika kiti.

"Hapana," Kadzo akasema. "Hapana, Prof. Huwezi kujua zote ni zako! Huenda zimo za kule pia, zimechanganyika. Nipe siku mbili nizitenganishe. Siku mbili tu!"

"Hatuna siku mbili, mwanangu."

"Miaka saba, Prof! Mnakizima, na hatutajua kamwe! Na kama kule ni kutupu? Tutakuwa tumekizika bure, tukilinda maji matupu!"

"Na kama si kutupu?"

"Vijidudu vya mdomo vitaishije kwenye bahari ya chumvi? Vitakufa!"

"Ulisema mwenyewe vinazaana."

Kadzo hakukubali kirahisi, wala mimi nisingemlaumu. Alibishana, akalia, akapiga meza, akaandika mahesabu ubaoni kuonyesha chumvi itaviua, na katikati ya hesabu mkono wake ukasimama wenyewe. Akaitazama namba aliyoiandika: chumvi isingeviua vyote. Akaifuta kwa kiganja. "Zimeni," akasema, akaenda kukaa sakafuni pembeni ya ukuta.

Mcharo aliingiza namba yake. Wakesho akaingiza yake, akakosea mara mbili. Amri ikaondoka saa nne na dakika thelathini na nane. Ingefika saa tano na dakika hamsini na nane, dakika kumi na saba kabla ya kutoboa. Watu wakashusha pumzi.

* * *

Sasa ikabaki kungoja. Amri saa moja na dakika ishirini kwenda, jibu muda huo huo kurudi. Hakuna aliyeweza kufanya lolote, na hakuna aliyetoka.

Mcharo alikuja na glasi ya maji, akavuta kiti, akakaa mbele ya Wakesho.

"Ulitasa ukiwa na kinyongo?"

"Ndiyo."

"Cha nani?"

Miaka kumi na tisa ilikuwa imekaa kwenye jibu hilo. "Chako. Kwa ajili ya ile vali. Barua zangu tatu ulizisoma, na ripoti ilipotoka ukaniacha nibebe peke yangu."

Mcharo aliikuna shingo yake. "Nilizisoma," akasema. "Nilikuwa na hofu ya kufukuzwa. Nilikuwa na watoto wanne, na hofu. Nilitaka kukuambia kila mwaka, na kila mwaka ilikuwa ngumu kuliko mwaka uliopita."

"Kumbe."

"Ndiyo hivyo, dada. Nisamehe."

Akampa glasi. Wakesho alitia funda, akageukia sakafu, akanyunyiza mbele ya watu wote, akasema kwa sauti kwamba kinyongo chake cha Mcharo Mwandawiro kimetoka, kisirudi. Mcharo naye akafanya vivyo hivyo, akiitaja hofu yake kwa jina. Mafundi waliangalia miguu yao. Wakesho alihisi kifua kimefunguka kama dirisha la nyumba iliyofungwa siku nyingi, akafikiri, pengine mama alikuwa sahihi, pengine ndivyo ilivyopaswa kuwa toka mwanzo. Pengine bado hatujachelewa.

Saa saba na dakika tisa mchana, kengele ndogo ililia kwenye meza ya Mcharo.

"Mapema mno," akasema. "Jibu la amri ni saa saba na dakika kumi na nane."

Hakikuwa jibu la amri. Mcharo alisogeza miwani, akasoma, akasoma tena. Uso wake ukabadilika rangi.

"Barafu ilikuwa nyembamba kuliko tulivyopima," akasema. "Pua haina tena mgandamizo. Kimetoboa. Kimetoboa saa tano na dakika arobaini na tisa."

Wakesho alifanya hesabu. Watu wote mle ndani waliifanya, kila mtu kimoyomoyo, na ungeweza kuwaona wakifika kwenye jibu mmoja mmoja. Amri ilifika saa tano na dakika hamsini na nane. Kisima-3 kilikuwa ndani ya bahari dakika tisa kabla ya kuzimwa. Dakika tisa! Na zile dakika thelathini na tano zilizopotea kwa uongo wa hita zingezimeza dakika tisa hizo mara tatu na kubaki.

Saa saba na dakika kumi na nane jibu la amri lilikuja, kwa wakati wake barabara. Hita imezimwa. Kisha mistari yote kwenye skrini ikalala, na Kisima-3 hakikusema neno jingine.

Wakesho alivuka chumba mpaka pale ukutani, akachuchumaa mbele ya Kadzo, magoti yakalia.

"Kadzo. Wewe ndiye unayezijua hizo seli. Dakika tisa, maji yale ni baridi, yana chumvi. Niambie kweli. Ni chache, sivyo? Dakika tisa si kitu?"

Kadzo aliinua uso uliovimba kwa kulia. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomtisha Wakesho zaidi. Alikuwa amechoka tu, na alijibu kwa upole, kama anavyojibu daktari.

"Prof," akasema, "wewe kulitema lile funda kulikuchukua muda gani?"

Wakesho alifungua kinywa kujibu, kisha akakiziba kwa viganja vyote viwili.